Pembe Niliyosema ni ya Harusi

Bwana asifiwe! Ninyi wa mabenchi ya mbele, Bwana asifiwe. Na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mnada wa mazao usiwakute, kwenu asifiwe zaidi.

Ndugu zangu, wengine wakisimama hapa wanashuhudia walivyotolewa kwenye pombe, au kwenye kitanda cha hospitali. Mimi ushuhuda wangu ni mwepesi, naona hata aibu kuupandisha madhabahuni. Mimi nimetolewa kwenye wivu. Wala si wivu wa mume kuonekana na mwanamke mwingine, huo mngeuelewa. Nilimwonea wivu mume wangu kwa sababu mama yangu alimpenda.

Chekeni. Mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzi tu.

Mnanijua. Ni Navoneiwa, binti wa kwanza wa marehemu Eliamani wa hapa hapa Vudee. Nilikwenda Poland kusoma, nikasoma mpaka nikapata shahada ambazo mama hawezi kuzitamka. Nikaolewa na Marek, nikazaa Sofia na Yohana. Baba alipofariki, mama akabaki peke yake mlimani, kaka zangu wote wako Dar es Salaam. Nikasema narudi. Marek akasema twende. Kazi yake ni ya kompyuta, inafanyika popote palipo na mtandao, na mtandao wa kwetu, Mungu ni mwema, unapatikana nyuma ya banda la mbuzi.

Sasa nisikilizeni. Miaka yote ile ya theluji nilikuwa naota nitakavyopokelewa. Kina mama watapiga vigelegele, watasema Navoneiwa amerudi! Basi gari likasimama, vigelegele vikapigwa, na wote wakanipita kwenda kumkumbatia Marek, Mareki wenu. Mimi nikabaki nashusha mabegi.

Nikasema ni ugeni, utapita. Haukupita! Nikienda sokoni naulizwa, "Mareki hajambo?" Nikipanda bodaboda kushuka Same kazini, kijana ananiambia, "Mama, shemeji anajua kusalimia kwa Kipare, umemfundisha wewe?" Sikumfundisha mimi. Amefundishwa na mama yangu, kibarazani, huku mama akicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha hata siku moja. Hata mbwa wa baba alihamia miguuni kwa Mareki.

Na makande je? Ndugu zangu, jikoni kwa mama, nilipokuwa mtoto, nilingoja wakubwa wapakuliwe. Nimerudi na shahada zangu, na bado nangoja.

"Mareki hajala!" mama anapaza sauti.

"Mama, hata mimi sijala."

"Wewe si uko kwenu? Jipakulie."

Najipakulia, huku nimevimba kama mandazi.

Ila kilichonimaliza ni maji. Wageni mlio nasi leo niwaeleze: mashamba yetu yanakunywa kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na kila nyumba ina zamu yake ya kufunguliwa maji. Ndiva ikijaa matope, pembe inapulizwa alfajiri, ndiyo wito wa msaragambo, kazi ya pamoja. Kila mwenye zamu anachukua jembe anakwenda. Asiyekwenda, maji yanampita, na maneno hayampiti.

Zamu yetu ilikuwa ya baba. Nilipokuwa binti mdogo nilikuwa natangulia mbele yake mferejini, nayafukuzia maji kwa kijiti. Basi kikaitishwa kikao cha ndiva ili ijulikane zamu ya Eliamani inashikwa na nani. Nilikaa upande wa kina mama, nimejitanda kanga mpya, nimeshaandaa maneno ya kukubali kwa unyenyekevu. Mama akasimama, akasema, "Zamu ya marehemu ashike Mareki."

Wazee wakaguna, wakakubali. Mimi nikameza mate yakawa machungu kama mwarobaini. Maji ya baba yangu! Apewe mtu aliyekuwa anadhani makande ni aina ya supu!

Mwanamke msomi anapaswa kwenda kuzungumza na mama yake. Mimi, niliyeandika tasnifu nzima juu ya mshikamano wa jamii za milimani, nilikwenda kuomba. Niliomba hivi, na Mungu anisamehe: "Bwana, mwaibishe. Kidogo tu."

Siku moja alfajiri, nachochea moto wa chai, pembe ikalia. Marek akatoka na kikombe chake, akasikiliza.

"Navo, ile sauti ni ya nini?"

Ndugu zangu, ulimi ni kitu kidogo. Nikamwambia, "Labda kuna harusi."

Akarudi kwenye kompyuta yake, kule bandani. Mama alikuwa ameshatangulia kwa jirani aliyefiwa. Mimi nikavaa viatu vya ofisini, nikashuka Same, na njia nzima nilikuwa naimba mapambio! Shetani naye anajua kuongoza kwaya.

Niliporudi mchana nilisikia kelele kabla sijaiona nyumba. Mzee Sefania, msimamizi wa ndiva, alikuwa katikati ya uwanja wetu, matope mpaka magotini, jembe begani. Marek amesimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, mzee," akajaribu.

"Marahaba, na usinipoze na shikamoo yako! Wenzako tumezoa matope tangu jua halijatoka, wewe umelala kama ndama aliyeshiba! Maji ya wiki hii husikii harufu yake! Wewe ni mtu gani? Mtoto wa Eliamani alale huku pembe inalia?"

Mtoto wa Eliamani. Nilisikia kama nimechomwa mwiba. Hata jina la baba wamempa! Nikamtazama Marek nione aibu niliyomwombea, na nikaona machozi. Lakini, ndugu zangu, alikuwa anatabasamu! Anagombwa, analia, anatabasamu.

Nikakimbilia jikoni. Nikamkuta mama nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mama! Mkweo anatukanwa uani, wewe unacheka?"

"Nimeingoja siku hii tangu mlipofika," akasema, akajifuta macho. "Mgeni hagombwi, mwanangu. Mgeni anapewa kiti, anapakuliwa kwanza, akikosea anachekewa. Atachekewa mpaka lini? Mama yake amekufa, kwao ni mbali. Nikampa maji ili apate watu wa kumgomba."

"Na mimi, mama?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. "Wewe? Wewe nimekugomba hujaota meno. Unataka nini tena?"

Haleluya! Sikuanguka chini, wala radi haikupiga. Nilisimama pale kati ya kuni na chungu, nikasikia upya yale maneno yote: jipakulie, wewe si uko kwenu. Miezi yote ile nilikuwa nalilia heshima anayopewa mtu asiye na kwao!

Nikatoka uani. Nikasema, "Mzee Sefania, pembe niliisikia mimi. Aliniuliza, nikamdanganya."

Marek akageuka. "Ulisema ni harusi."

"Harusi!" Mzee Sefania akatupa jembe chini. "Harusi ya nani? Ya vyura? Binti wa Eliamani, umekua kwa maji haya haya, leo unayafanyia mzaha! Jumamosi mtazoa matope wawili, kule kwenye kina, na hivyo viatu vya kwendea ofisini uviache nyumbani!"

Nikasema ndiyo, mzee. Na aliponigomba nilisikia utamu, jamani, kama maziwa.

Jioni Marek aliniuliza kwa nini, nikamweleza yote. Kisha akasema, "Ulinikosea, Navo." Nikasema nilikukosea. Halafu hakuweza kujizuia: "Lakini umesikia alivyoniita?" Nikasema nimesikia. Ikaniuma tena, kidogo. Wokovu nao una ngazi zake.

Jumamosi tulizoa matope. Mlima mzima ulipita kutusema, yeye na mimi, bila upendeleo.

Namshukuru Mungu aliyechukua uovu wangu akampa mume wangu kwao. Na wewe uliyekaa hapo unanung'unika kwamba ndugu wapya wanapigiwa vigelegele, na wewe Bwana anakukemea tu kila siku: usikimbie, ndugu yangu! Mtumaini huyo anayekukemea. Yeye hagombi wageni.

Na pembe ikilia wiki hii, msimuulize Mareki ni ya nini. Siku hizi yeye ndiye anayeniamsha. Amina.