Vyombo vya Khole

Mwaka ule wa 1973 kijiwe chetu cha Isevya, mjini Tabora, kilikuwa na benchi moja, birika langu la kahawa, na watu wasioamini kitu. Kornel tulimwita Redio, maana habari aliitangaza kabla haijatokea. Anton, karani mstaafu wa reli, tulimwita Mhuri. Pasipo mhuri haamini hata tangazo la msiba. Siku hiyo Hamoud, muuza vitambaa, alikuja na barua ya serikali iliyoloa jasho. Binti yake Khole amepata nafasi ya mafunzo Mwanza, baba atie sahihi, na treni inaondoka jioni ileile.

— Mafunzo ya nini? aliuliza Redio.

— Kuongoza vyombo. Miaka miwili.

— Sahani, miaka miwili? Hamoud, mwanao anapelekwa kwingine!

Mhuri aliiinua barua juani.

— Mhuri upo. Ndio unaonitia wasiwasi. Umekolea mno.

— Labda ni hoteli ya serikali, nikasema.

— Hotelini vyombo vinaoshwa. Hivi vinaongozwa kwenda wapi? aliuliza Mhuri.

— Kijiji cha Ujamaa! Redio alidakia. Jiko moja, watu elfu tatu. Masufuria yanavutwa na trekta. Lazima yawe na kiongozi.

— Sikumsomesha Khole akaongoze masufuria, alisema Hamoud.

Mhuri akashusha miwani.

— Ngojeni. Hapa wameandika nanga.

Tulitazamana. Sufuria halina nanga.

— Meli! Redio alisimama. Wanataka kumfanya nahodha! Mwanamke! Haijapata kutokea!

— Marehemu bibi yangu alivuka Ziwa Tanganyika na msafara wa pembe za ndovu, alisema Hamoud. Wapiga makasia walipotoroka Ujiji, wanawake wa Kinyamwezi ndio waliovusha watu.

— Kasia sawa. Usukani alishika nani? aliuliza Redio.

— Hakusema.

— Umeona? Alificha! Hawa wanawake wanaendesha meli tangu zamani, ila wanabandika ndevu. Wewe umewahi kumwona nahodha akivua kofia?

— Sijawahi kumwona nahodha.

— Basi! Wamejipanga!

Nilicheka, lakini Hamoud hakucheka. Alikuwa anaikunja barua kama mtu anayetaka kuichana, nami nilimwonea huruma yule binti.

Hapo akafika mama mmoja na gunia la dagaa, ametoka stesheni.

— Shikamooni. Naitwa Eustadia, natoka Mwanza. Kahawa ipo?

— Marahaba. Ipo ya mwisho, nikamjibu.

Alikunywa, akasikiliza kelele zetu, kisha akaiomba barua. Aliisoma mpaka chini kabisa, ambako sisi hatukufika.

— Wanasema amefaulu mtihani wa kuogelea. Binti ni wa ziwani?

— Wa hapahapa, alisema Hamoud. Tabora, kusiko na ziwa.

— Alijifunzia wapi kuogelea?

Hamoud alitutazama mmoja mmoja, uso umemshuka, kwa aibu ya baba aliyelea mtoto miaka kumi na tisa bila kumjua.

— Sijui, alisema.

Birika lilikuwa tupu, nikaanza kusuuza vikombe.

— Anton, nipe kalamu, alisema Hamoud.

— Unatia sahihi? Redio aliruka. Bila uchunguzi?

— Mtu aliyejifunza kuogelea Tabora, Kornel, mimi nitamzuia kwa kitu gani?