Mutindi Musau, Aliyeifungua Tovuti ya Maji kwa Wote

Tarehe thelathini Juni, Bi. Mutindi Musau atastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la maji hapa Machakos kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wetu tulimkuta kazini. Tulio wadogo kwake tumezoea kumwita Mwaitu, mama, ingawa mtu akimwacha mteja akisubiri bila sababu huona haraka kwamba mama huyu si wa kubembeleza.

Aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi, enzi ambazo mtu aliyepasukiwa na bomba kule Kola alilazimika kuja mjini mwenyewe kutoa taarifa. Baadaye akawa msimamizi wa Huduma kwa Wateja. Ni mwimbaji wa kwaya, na sauti yake tunaijua. Mwaka mmoja vipaza sauti viligoma katikati ya mkutano wa wateja, naye akasimama akasoma ajenda yote kwa sauti yake mwenyewe. Wauza nyanya ng'ambo ya barabara walimpigia makofi.

Lakini kazi ambayo tungependa ikumbukwe ni ile ya tovuti.

Shirika lilipoamua kwamba zamu za maji, maombi ya kuunganishiwa na taarifa za mabomba zote zihamie mtandaoni, Mutindi ndiye aliyepewa kusimamia. Aliipenda tovuti ile. Picha za matone na mifereji alizichagua mwenyewe, na ilipofunguliwa kwa majaribio alimwonyesha kila aliyepita karibu na dawati lake.

Wiki hiyohiyo akaja Mwalimu Bartholomew Muthoka kutoka Kola. Mwalimu haoni, simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Aliketi mbele ya Mutindi, akafungua tovuti yetu, akaiweka simu mezani. Simu ikasema, "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Haikusema kitufe cha nini, wala picha ya nini. Mwishoni ikamtaka athibitishe kwamba yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani.

Mutindi alifanya alilozoea kufanya. Akavuta kiti, akamwomba namba yake ya siri ili amjazie ombi. Mwalimu akakataa kwa upole.

"Madam, sikuja kujaziwa," alisema. "Nimekuja kuuliza kwa nini siwezi kujaza mwenyewe."

Alieleza kwamba tayari anategemea watu kwa mambo mengi na halalamiki. Ila namba ya siri akimpa jirani, haitakuwa siri tena. Mutindi akamwomba arudi siku nyingine.

Jioni hiyo hakupita sokoni kama kawaida yake. Alituambia kwamba kilichomuuma si kosa la mafundi, bali kwamba yeye mwenyewe ameipitisha tovuti hiyo kwa furaha na haikumjia hata mara moja kujiuliza inasikika vipi.

Shida ni kwamba siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. Wageni wamealikwa, na siku hiyohiyo madirisha ya huduma katika vituo vidogo yangefungwa. Meneja wetu, Bw. Mwendwa, si mtu mbaya. Alisema kwamba asiyeweza kutumia tovuti atapiga simu. Hapo Mutindi akamkumbusha kuhusu Bi. Deka, mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, ambaye ni kiziwi. Huyo angepiga simu amsikie nani?

Mkutano uliofuata haujasahaulika. Mutindi alimkaribisha Mwalimu, pamoja na Bi. Deka na mkalimani wake wa lugha ya ishara. Kisha akapita na kiondo, akakusanya vipanya vyote vya kompyuta, akazima skrini ya meneja na kumwachia sauti tu ya kompyuta ikimsomea. Akamwomba atoe taarifa ya bomba lililopasuka. Bw. Mwendwa alijitahidi. Alibonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena, na kabla hajafika popote tovuti ikamwambia muda wake umekwisha. Watu walicheka, naye pia alicheka. Bi. Deka hakucheka. Kupitia mkalimani alisema, "Ninyi mmefika hapo kwa mchezo. Sisi hapo ndipo tunapoachwa."

Mutindi alisema kwamba uzinduzi ukifanyika hivyo, jina lake liondolewe kwenye kazi hiyo. Hakuinua sauti. Bw. Mwendwa aliomba apewe hadi kesho, na asubuhi akaahirisha uzinduzi na kuamuru madirisha yasifungwe. Lawama zilikuwepo, na nyingi zilimwangukia Mutindi. Alizipokea, akaendelea na kazi.

Haikuwa kazi laini. Mafundi walivipa vitufe majina, wakaondoa lile fumbo la picha, wakaongeza muda kwa wanaochapa polepole, wakakoleza maandishi yaliyokuwa yamefifia. Marekebisho ya kwanza yaliharibu ukurasa wa zamu za maji, na tukalaumiwa na Kola nzima. Huduma ya simu nayo ikaongezewa ya ujumbe mfupi. Kila hatua Mwalimu na Bi. Deka waliijaribu, na Mutindi alisisitiza kwamba walipwe kama wataalamu wengine. Hata sasa ramani ya mabomba bado haisomeki vizuri, naye amemwachia mrithi wake, Bw. Kisilu, onyo kali kuhusu ramani hiyo.

Mwishowe, asubuhi moja, taarifa ya bomba ikaingia kutoka Kola, imejazwa kikamilifu. Punde simu ya dawati ikalia. Alikuwa Mwalimu.

"Nimemaliza," alisema. "Na nilikuwa peke yangu nyumbani."

Mutindi alimshukuru, akamtuma fundi, kisha akatoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Sasa anakwenda nyumbani kwake Katelembo, kwenye maembe yake na wajukuu wanaomsubiri, na kwaya ambayo itampata hata siku za mazoezi ya katikati ya wiki. Mwaitu, asante kwa subira yako na kwa ukali wako pia. Mungu akupe afya, mvua za kutosha na siku tulivu.

Wasifu huu uko pia kwenye tovuti, pamoja na picha yako. Watakaousikia badala ya kuuona wataambiwa hivi kuhusu picha hiyo: "Mutindi Musau, amesimama mlangoni pa ofisi, ameushika mlango uwe wazi, anacheka."