Gitaa Kwenye Grupu la Jumuiya

Pale Lizaboni, Songea, kuna kibaraza cha duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Mbinga, na tangu hapo kibaraza ni cha Bernadina na birika lake la kahawa. Wateja wake wa kudumu hukalia benchi refu lililoegemezwa ukutani, kila mmoja na upande wake, na ukikalia upande wa mwenzio utaambiwa unyanyuke hata kama wewe ni diwani. Upande wa jua hukaa Mkoloni, yaani Mzee Otto, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya misheni enzi za ujana wake; wamempa jina hilo kwa sababu ya Otto lake la Kijerumani na kwa kupenda kuamuru watu. Katikati hukaa Bunge, ambaye ni Muhsini, fundi viatu mwenye asili ya Tunduru, asiyekubali hoja ipite bila kuchangia. Mwishoni ni Leo wa bajaji, wanayemwita Bando maana simu yake haikosi intaneti hata siku ambayo yeye mwenyewe hajala. Alasiri ile kahawa ilikuwa ya moto na tangawizi yake kali, lakini wote watatu walikuwa wanamtazama Bernadina na kuogopa kuanza. Asubuhi alikuwa ametolewa kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yao ya kanisani, na mtaa mzima ulikuwa unajua.

Aliyejitosa ni Bando.

— Mama Bena, ni kweli wamekutoa?

— Wamenitoa.

— Kwa ile video?

— Kwa ile video. Leta kikombe chako.

Video yenyewe Bernadina hakuitafuta. Mwanawe Jordan, anayefanya kazi Dar, alimnunulia simu kubwa ili awaone wajukuu. Jioni moja alikuwa anasikiliza kwaya huku anachambua mchele, kwaya ikaisha, simu ikaendelea yenyewe kama zifanyavyo. Ikatokea picha isiyo na rangi. Mama mnene, mtu mzima, amevaa koti refu na kofia ya kwendea kanisani, amelipakata gitaa la umeme nyongani kama mtoto anayenyonya. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza, gitaa likamjibu. Bernadina hakuelewa neno hata moja, lakini ungo wa mchele ulibaki magotini hadi video ikaisha, akairudia, na mchele siku hiyo uliliwa na mawe yake.

Baada ya hapo simu ikamletea wengine: mzee mwembamba anayegonga kinanda huku sigara inamwungulia mdomoni, vijana wa tarumbeta waliovaa suti wanaofukuzana kwa pumzi, kipofu mmoja anayepiga gitaa kwa kisu. Bando ndiye aliyemwambia kwamba hao wa gitaa muziki wao unaitwa bluzi na wale wa tarumbeta ni jazi. Kijiwe kizima kikaanza kuangalia. Anayetaka kahawa ya Bernadina aliangalia na video za Bernadina.

Lakini mtu wa kwanza kutumiwa alikuwa Yasinta. Hao wawili walikua pamoja, wakaimba pamoja sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, wakatoroka pamoja kwenda dansini kila bendi ilipokuja mjini. Kisha Yasinta akapatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito, na binti yake Noela akamchukua akakae naye Tunduru. Bernadina alipompigia, maneno yalikuwa hayatoki. Basi akamtumia yule mama wa gitaa. Tangu hapo wakawa hawahangaiki tena na maneno. Walipigiana, kila mmoja akawasha video ileile upande wake, wakasikiliza. Bernadina alizoea kulisikia lile gitaa mara mbili, la Lizaboni kwanza, halafu la Tunduru likija kwa kuchelewa kidogo, na nyuma yake Yasinta akicheka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Yasinta alikuwa amefariki. Tangazo likawekwa kwenye grupu. Chini yake watu wakapanga vijipicha vya mishumaa na mikono iliyofumbatwa. Bernadina akamtuma yule mama na gitaa lake, akaandika: "Kwaheri Yasinta." Kabla hajafuta macho, simu ikamwambia ameondolewa.

— Mimi sina tatizo na muziki, alisema Mkoloni. Tatizo ni mahali. Tangazo la msiba, halafu gitaa!

— Kwani msibani watu hawaimbi? aliuliza Bunge.

— Wanaimba. Hawapigi umeme.

— Na kile kinanda cha kanisani kwenu kinatumia mkaa?

— Bunge, usiingilie mambo ya Kanisa. Wewe si wa kwetu.

— Wallahi siingilii. Nauliza mkaa tu.

Bando alicheka peke yake. Mkoloni akamgeukia Bernadina, sauti ikapungua.

— Bena, mdogo wangu. Unajua anachosema yule mwanamke? Huenda anaimba habari za wanaume.

— Anasema treni, alidakia Bando. Nimemsikia kabisa. Treni, treni.

— Songea hatuna treni, alisema Bunge. Sasa dhambi itakuwa wapi?

— Mzee Otto, alisema Bernadina, mliimba Kilatini miaka mingi pale misheni, au nakosea?

— Hukosei.

— Ulikuwa unakielewa?

Mkoloni akapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

— Yalikuwa ya Mungu yale.

— Nani alikuambia?

— Padri.

— Sawa. Mimi huyu mama ameniambia mwenyewe.

Hapo benchi likachangamka. Bando akasema yeye siku nyingi anajua kitu ila alikuwa ananyamaza: yule mama ni Mngoni. Mtazameni mguu. Ule mguu wa kushoto unavyokanyaga ni ngoma ya lizombe tupu, haufundishwi shuleni.

— Mngoni gani! alisema Bunge. Ile sauti ni ya kwetu Wayao. Babu zetu walipitishwa hapahapa kwa minyororo wakipelekwa Kilwa, wakapakiwa. Unafikiri waliacha sauti zao njiani? Mama yule ana ndugu Tunduru, nenda kaulize.

— Nikaulize nani?

— Uliza yeyote! Hata Mbesa utawapata.

— Nyote hamjui, alisema Mkoloni. Jazi imetoka huku. Enzi zetu kila bendi nchi hii ilikuwa inaitwa Jazz. Kila bendi! Sasa Wamarekani neno hilo walilisikia wapi? Pale misheni ilipotea tarumbeta moja, mimi nikiwa mdogo. Ilitafutwa, haikuonekana. Mimi nasema ile tarumbeta ilifika Marekani.

— Mzee, alisema Bando, wale wa kwenye video wamerekodiwa kabla hujazaliwa.

— Ndiyo maana haikuonekana!

Bernadina aliwamiminia. Hasira ilikuwa imemkaa kifuani tangu asubuhi kama fundo la ugali, na kwa mara ya kwanza ikashuka kidogo. Wapuuzi hawa walikuwa wanabishana habari za yule mama kana kwamba ni jirani aliyehamia juzi. Hakuna aliyeweka mshumaa.

Ndipo Remigi alipotokea, na shati lake limepigwa pasi. Remigi ni mwenyekiti wa jumuiya na ndiye admini wa grupu. Si mtu mbaya. Mgonjwa akizidiwa mtaani, wa kwanza kufika ni yeye. Aliwaamkia wote, akakataa kahawa, akabaki amesimama.

— Mama Jordan, pole na msiba. Najua mlivyokuwa na marehemu.

— Nimepoa.

— Sikupenda kukutoa. Lakini watu wamelalamika.

— Watu.

— Watu wa jumuiya. Wamesema ni dharau. Sasa mwili unafika leo jua likiwa bado lipo, na wewe ndiye tulikupangia kuanzisha wimbo wa kumpokea. Nimekuja tuyamalize. Rekodi sauti fupi tu, useme ulikosea, uombe radhi. Nitakurudisha, na wimbo utaanzisha wewe.

— Nisipofanya?

— Basi wimbo ataanzisha mwingine. Sitakuwa na la kufanya.

Bernadina aliitazama simu mapajani mwake. Wimbo ule alikuwa ameshaufanyia mazoezi kimoyomoyo tangu alfajiri, akitafuta pa kuanzia, kwa kuwa sauti ya Yasinta iliyokuwa inamwegemeza haitakuwapo. Kumwimbia Yasinta anapoingia getini kwake kwa mara ya mwisho, hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka hapa duniani siku hiyo. Na kilikuwa kinauzwa kwa maneno mawili matatu ya kwenye simu.

— Mama, yaseme tu, alinong'ona Bando. Halafu tutaendelea na yetu.

— Niseme nilikosea?

— Kwa mdomo tu.

— Kwa mdomo ndiko ninakomwimbia, Leo.

Akanyanyua uso.

— Mwenyekiti, mimi sikutuma kwa bahati mbaya, kidole hakikuteleza. Nilituma kwa sababu ndicho Yasinta alichokipenda. Siwezi kumwomba mtu radhi kwa kumuaga rafiki yangu. Mpe wimbo unayetaka kumpa.

— Mama Jordan, unajifungia mlango mwenyewe.

— Nimejifungia. Kahawa utakunywa au hutakunywa?

Kabla Remigi hajajibu, bajaji ilisimama mbele ya kibaraza na mwanamke akashuka na begi, kitenge kimejaa vumbi la safari. Bernadina alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Ni Noela. Alikuwa ametangulia kwa basi kutoka Tunduru ili aandae nyumba, kaka zake wakija nyuma na mwili.

— Shikamoo mama mdogo. Shikamooni wazee.

Bernadina akamkumbatia. Kisha Noela akatoa simu.

— Mama mdogo, nilikuwa natafuta ile video. Nimeiona asubuhi kwenye grupu nikasema nikipata mtandao niwarushie kaka zangu, nafungua naambiwa imefutwa. Mama siku za mwisho hata uji ulikuwa haupiti. Nilikuwa namwekea yule mwimbaji, na ule mguu wa mama uliobaki mzima unapiga shuka. Unapiga, unapiga, mpaka anasinzia. Nataka ipigwe nyumbani akifika.

Remigi alikohoa.

— Mwanangu Noela, pole sana. Video niliifuta mimi. Ilileta malalamiko.

— Nani alilalamika, mwenyekiti?

— Watu.

— Ni nani? Nitajie japo mmoja. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi nyumbani kwake, kwa sababu ni mama yangu.

Aliuliza kwa upole kabisa, bila kuinua sauti. Remigi alifungua mdomo. Akamtazama Mkoloni, Mkoloni akatazama kikombe. Akatazama barabara, pikipiki mbili zikapita. Bunge, ambaye hajawahi kuacha swali lipite, naye hakuchangia.

— Grupu ni la watu wengi, alisema Remigi, na sentensi ikaishia hapo.

Bernadina akammiminia kikombe, akamwekea mkononi bila kumuuliza tena, na mwenyekiti akanywa. Kisha Bernadina akainua birika, akalitikisa lisikike kwamba ni tupu, akamwagia maji mkaa.

— Leo, ile spika yako bado ina chaji?

— Ipo, mama.

— Washa bajaji.

Mwili ulifika wakati jua bado linavimulika vilima vya Matogoro. Uani kwa kina Yasinta kulikuwa kumejaa, wanawake mikekani, wanaume kwenye viti vya kukodi. Remigi alitimiza neno lake: wimbo wa kulipokea jeneza ulianzishwa na mwanamke mwingine, akauanzisha juu mno, watu wakamfuata kwa tabu. Bernadina aliimba sauti ya pili na wengine, machozi yakimfika shingoni. Rozari ikasaliwa. Ilipokwisha, kikawa kile kimya ambamo watu husubiri kuambiwa la kufanya. Bernadina akasimama. Akaiweka spika ya Bando juu ya kigoda karibu na kichwa cha jeneza, Noela pembeni yake, akabonyeza.

Gitaa likatoka dogo, kama mbu ndani ya chandarua. Bernadina mwenyewe ndiye aliyelipunguza. Ujasiri wote wa kibarazani, na bado kidole kilikuwa kimemsaliti. Wanawake wawili wakanyanyuka, wakakung'uta kanga, wakatoka nje. Mtu mmoja akasema, "Haya mambo gani haya?" Remigi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Mkekani, miguu ameinyoosha, alikuwa ameketi dada mkubwa wa marehemu, bibi kizee aliyeletwa kutoka Namtumbo mchana ule, asiye na simu wala grupu. Alitega sikio. Akainama upande wa kigoda, akatega tena, uso umekunjamana.

— Mbona mnaisikiliza kama mmeiiba? aliuliza.

Akagonga kigoda kwa kidole.

— Ongezeni, nasema. Huyo mtu anapiga, na ndugu yangu yuko mbali.

Bernadina akaongeza mpaka mwisho.