Tatu Jumlisha Moja

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha viatu na duka la Fundi Redio, na siku zote tunabishana mpira. Jana mpira ulisahaulika. Fundi Redio alitoka na kompyuta ya shemeji yake, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema anataka kuunda prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, kwa mikono yake. Miaka kumi na miwili amekuwa akinyofoa transista kwenye redio zilizokufa. Zimejaa mikebe mitatu, na aina ile haiuzwi tena. Akikosea saketi, zinaungua. Alikuwa na programu mbili za kuijaribu kabla ya kulehemu, na kompyuta ilitakiwa irudi saa kumi. Mimi nilicheka, nakiri.

— Tazameni ya kwanza, akasema. Tatu jumlisha moja.

Ikaandika nne hapo hapo.

— Chukua hiyo, akasema Cherehani, mshonaji wetu. Nguo imekaa mwilini, unatafuta nini tena?

— Ngoja ya pili. Hii inapima hata joto, na muda wa umeme kutoka transista hadi transista. Nimeipunguza mwendo.

Tukainama. Ikaandika mbili. Ikaandika sifuri. Ndipo ikaandika nne.

Mama Kahawa alibaki ameshika birika hewani.

— Hebu rudia, baba.

Mbili. Sifuri. Nne. Kicheko kikaniisha.

— Inabahatisha hiyo! Cherehani akaruka.

— Haibahatishi. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja tu, kwa hiyo hata tatu jumlisha moja ina ile moja ya kubeba. Bado iko njiani. Ikifika, jibu linatulia.

— Masikini, inahesabu kwa vidole, akasema Mama Kahawa.

Profesa, aliyeacha shule darasa la tano ila jina likamng'ang'ania, akakohoa.

— Inafikiri. Kinachosita kinafikiri. Ndiyo maana wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

— Paka kaingiaje hapa?

— Umeme ndio paka. Kunywa kahawa yako.

Cherehani hakunywa. Alikuwa ameitoa simu mfukoni.

— Ina maana na hii inasita?

— Mara mamilioni kwa sekunde, akasema Fundi Redio.

— Kwa hiyo salamu za mama yangu zinapita kwenye makosa kwanza ndipo zinifikie?

— Zinapita.

Cherehani akailaza simu kwenye benchi polepole, kwa mikono miwili.

— Mimi nawaambia, akasema Profesa, na jua ni hivyo hivyo. Kabla ya kuchomoza linajaribu huku, linajaribu kule. Sisi tunaonyeshwa jibu tu.

Siku nyingine tungemzomea. Jana tulitazama juu, sote watano.

— Sasa niamini ipi? akauliza Fundi Redio, sauti imemshuka. Ya kwanza inasema nilehemu leo. Ya pili inasema itafanya kazi, lakini joto liko ukingoni, likizidi kidogo zinaungua. Miaka kumi na miwili, jamani. Naogopa.

Hapo ndipo shemeji yake alipofika, mwalimu, vumbi la chaki bado mkononi, kuchukua kompyuta yake. Akaitazama ile namba ikisita, akakaa bila kukaribishwa.

— Shemeji, ubongo wako unaujaribu ndani ya kompyuta yangu?

— Ndiyo, shemeji.

— Na hii yangu, kabla haijaundwa, waliijaribu wapi?

— Ndani ya nyingine, ya zamani zaidi.

— Na hiyo?

— Ndani ya nyingine tena.

— Na ile ya kwanza kabisa?

Birika lilikuwa tupu na hakuna aliyelalamika.

— Sijui, shemeji, akasema Fundi Redio. Labda waliilehemu tu.

Akaifunga kompyuta, akaifuta kwa shati lake, akamkabidhi. Kisha akaingia dukani, na sote pale benchini tukasikia mkebe wa kwanza wa transista ukifunguliwa.