Risala ya Wapakuzi wa Vioo Kuhusu Matairi ya Dada Mkubwa

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu,

KARIBU
Tunakupokea kwa mikono miwili, na leo mikono yetu yote ni mizima. Sisi ni wapakuzi ishirini na wawili wa ghala hili la vioo.

TULIKOTOKA
Mwaka jana kreti za vioo zilikuwa zikishuka kwenye mteremko wa kupakulia, zikagonga kizuizi cha mbao chini yake, vioo vikapasuka, na lawama zikatuangukia sisi. Siku mwenzetu tunayemwita Babu alipokatwa na kioo kiganjani, msimamizi alisema tumezembea, na kioo kingine kikivunjika tutaondoka wote.

Miongoni mwetu yuko Dada Mkubwa. Alikuwa ameshindwa mtihani wa fizikia mara mbili, akarudi darasani kukaa na watoto wa rika la binti yake. Siku ile alishinda kutwa akikitazama kizuizi kile. Kesho yake akamwendea msimamizi na mayai mawili. La kwanza alilirusha ukutani. La pili, kwa kasi ileile, alilirusha kwenye shuka tuliyoishika pembe zote nne. Halikupata hata ufa.

"Mzee, yote mawili yamesimama, kwa hiyo momenta iliyopotea, yaani msukumo wa mwendo, ni ileile," alisema. "Ukuta umelisimamisha yai ghafla, kani, yaani nguvu ya kugonga, ikawa kubwa. Shuka imelisimamisha polepole, kani ikapungua. Kreti zetu zinagonga ukuta."

"Na shuka ya kreti nitaitoa wapi?"

"Nyuma ya gereji kuna matairi mabovu."

Msimamizi alicheka, ila akatupa siku moja. Tulifunga matairi manane mbele ya kizuizi. Kreti ya kwanza ilipoachiwa, Dada Mkubwa alifumba macho. Matairi yakabonyea, kreti ikatulia. Tulifungua tukakuta vioo vyote vizima, na yeye akaketi chini palepale akalia.

MAFANIKIO
Miezi saba sasa, hakuna kioo kilichopasukia mteremkoni. Babu amerudi kazini, ndiye anayekusomea. Na Dada Mkubwa amefaulu fizikia kwa alama ya juu kabisa. Msimamizi mwenyewe alimvulia kofia mbele yetu.

CHANGAMOTO
Dada Mkubwa bado ni mpakuzi. Mapendekezo yake mengine matatu yamelala kwenye meza ya ofisi.

OMBI
Nafasi ya mkaguzi wa usalama iko wazi. Sisi si watu wa kupanga vyeo. Ila dada aliyetusahihishia risala hii ameketi safu ya mbele, glavu mkononi, na aya hii hatukumwonyesha.

Mungu akuzidishie afya na akurudishe kwetu salama.

Ni sisi,
Wapakuzi wa Mteremko Namba Mbili