Mkoba wa Mtu Mmoja

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, tunayemwita Kisigino kwa sababu humtambua mtu kwa soli kabla ya kumtazama usoni. Asubuhi hiyo tulikuwapo wale wale: Redio, ambaye hajapata kuwa na kitufe cha kuzimia, Makadirio, mwashi mstaafu aliyejenga nusu ya mtaa bila kumiliki futi kamba, Mama Kahawa na birika lake, nami, ambaye uzee umenizoeza kunywa taratibu na kutazama. Katikati yetu aliketi Koki. Kazi yake ni kulitunza bomba la chuma linaloshusha maji kutoka chanzo cha mlimani, na maisha yake yote ya kazi alipanda huko pamoja na mwenzake, tuliyemwita Ndoo. Wiki iliyopita tulimzika Ndoo. Si mlima uliomuua; ni kifua, kitandani kwake. Ofisi imesema atatafutwa mtu mwingine, lakini mvua imejaza majani kwenye chujio, na kesho sharti mtu apande. Zamani vifaa viligawanywa kwa mabega ya watu wawili. Kesho vitakwenda na mmoja, tena kiunoni, maana penye jabali mikono yote miwili hushika mwamba. Kwa hiyo Kisigino alikuwa anamshonea mkoba wa ngozi, mdogo, wa kuvaliwa kwenye mkanda.

— Nitajie vitu, nikate mifuko ya ndani, alisema Kisigino. Ngozi ikishakatwa haibembelezwi.

— Kamba, alisema Koki. Kiberiti. Kisu.

— Kisu chako kiko wapi, nikipime?

— Sina. Kisu alibeba Ndoo.

Mama Kahawa akaongeza kahawa katika vikombe ambavyo havikuwa vimepungua.

— Basi nunua viwili, alisema Makadirio. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hapo umechemka, kaka, alidakia Redio. Mtu anakwenda kusafisha chujio, wewe unampeleka machinjioni. Abebe kioo. Akifika juu anamulika jua, sisi hapa tunaona, tunajua jamaa mzima.

— Na kukiwa na mawingu? aliuliza Mama Kahawa.

— Mama, mawingu hayo ni mipango ya Mungu, usiniingize.

— Si abebe simu tu? aliendelea Mama Kahawa. 

— Ukishavuka jabali simu inakuwa kipande cha sabuni, alisema Koki.

— Sabuni nayo abebe, alisema Makadirio. Na chumvi, ya ruba. Na sindano. Na pilipili ya unga.

Kisigino alishusha mkasi.

— Pilipili ya nini?

— Ya chui.

— Chui anapikiwa?

— Anarushiwa machoni, wewe.

— Nimepanda huko tangu sina ndevu, alisema Koki. Chui sijamwona. Nyani ndio wapo.

— Basi ya nyani. Usidharau kidogo, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na kibaba kikijaa, nani ananipandishia?

Tulicheka, naye akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Niliona vidole vyake vikipapasa benchi pale palipo tupu kando yake. Ndoo alizoea kuketi hapo. Hakuna aliyekuwa amepakalia tangu maziko, ingawa sote tulikuwa tumebanana.

— Nisikilizeni, alisema Redio, akisimama kabisa. Achaneni na vitu vya mfukoni. Dawa ni puto. Jekundu, la gesi, analifunga kiunoni kwa uzi mrefu. Akitembea, sisi tunaliona linatembea juu ya miti. Akienda kushoto, tunaliona. Akirudi, tunaliona linarudi. Na likisimama mahali pamoja muda mrefu sana…

Aliketi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Makadirio, bila shaka kwa nia ya kumwokoa, na hakuna aliyeelewa maana yake.

Wakati huo alifika mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona, mkononi ana ndara iliyokatika ukanda. Kisigino alimsogezea kigoda, akamwambia, dada, pumzika, namaliza mkoba wa huyu mheshimiwa. Mgeni alishukuru, akakunja mguu wake mtupu chini ya sketi.

— Kamba, kiberiti, kisu, alihesabu Kisigino. Kipo kingine?

Koki aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa nyundo ndogo ya mpini mfupi, akaiweka juu ya ngozi.

— Hii.

— Ndugu yangu, alisema Makadirio akiipima kiganjani, hii ina uzito wa tofali zima. Unatukatalia pilipili halafu unabeba chuma? Itoe.

— Nyundo haitoki.

— Ya kupigilia nini huko?

Koki alisugua magoti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyoyasema sasa aliyatoa moja moja.

— Kule hamuonani. Mmoja yuko juu kwenye chanzo, mwingine yuko chini kwenye tangi, kati yenu msitu. Wa juu akifika anagonga bomba. Chuma kinabeba mlio mpaka chini. Wa chini anagonga naye. Hapo unajua maji yamefungwa, unaingia kwenye chujio. Ukichelewa kutoka, anagonga yeye. Unamjibu.

Kisha akaongeza:

— Siku nyingine hakuna cha kufungwa wala kufunguliwa. Unasikia tu amegonga. Unagonga na wewe.

— Kumbe, alisema Mama Kahawa.

— Ndiyo maana haitoki. Kesho nikifika, kitu cha kwanza nagonga.

Mgeni alikuwa amesikiliza kwa makini, kama watu wasikilizavyo habari ya kazi wasiyoijua. Akauliza kwa upole, kwa kutaka kujua tu:

— Na kesho, kaka, huko chini wa kukujibu ni nani?

Sindano ya Kisigino ilisimama katikati ya ngozi. Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Makadirio, aliyekuwa na kipimo cha kila jambo, alianza kupapasa goti lake bovu. Mimi niliutazama mlima, ambao mtu akiwa ameketi benchini huuona uko karibu sana.

Mgeni alitugeukia mmoja mmoja, asijue amekosea wapi.

Koki aliichukua nyundo kutoka juu ya ngozi. Akabaki ameishika, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza.