Kwa Nini Kizibo Huzama Mti wa Tatu

Kijiwe chetu kiko hapa Garsen, panapotua mitumbwi, juu ya gogo ambalo mto ulilileta mwaka wa mafuriko ukakataa kulichukua tena. Kahawa ni yangu. Ndiyo maana wananiita Dele, kwa jina la birika langu, na ndiyo maana hakuna anayetaka maoni yangu. Wanadhani mshika dele kazi yake ni kumimina na kunyamaza. Wenzangu nao wamebatizwa majina hapa hapa. Kassim wa Kipini, fundi wa stima, ni Deheni, maana ananuka chokaa na shahamu anayopaka chini ya chombo chake, ananuka hata siku ya Idi. Galgalo, Muorma mwenye ng'ombe zake Minjila, ni Mkia, kwa sababu huvuka mto akiburutwa na dume lake, mkono kwenye mkia. Na Jilo, Mpokomo wa Ngao, ni Kizibo. Huyo umzamishe utakavyo, ataibuka palepale akicheka.

Stima yenyewe ni meli ndogo ya kuni, iliyoletwa na Mzungu mmoja siku za Wadachi wa Witu. Mzungu akaenda zake, stima ikaangukia mikononi mwa tajiri wa Lamu, na tajiri akamkabidhi Kassim. Kazi yake ilikuwa kuvuta mitumbwi ya mpunga. Siku moja kiboko aliupasua mtumbwi wa nyuma. Mpunga ukaenda na maji, mtumbwi ukaenda na maji, Jilo akabaki wima juu ya ubao mmoja, kamba mkononi, anateleza juu ya mto. Badala ya kuulilia mpunga akapiga ukelele: "Ongeza moto!"

Tangu siku ile ukawa ndio mchezo wetu. Jilo alichonga ubao ule ukawa laini, Galgalo akautia kanda mbili za ngozi za kushika miguu. Pale penye kona kuna miti minne iliyobaki ya uzio wa zamani wa kuvulia samaki, imesimama katikati ya mto. Stima inapita pembeni, na Jilo nyuma yake anaizunguka miti ile: huu kwa kulia, huu kwa kushoto. Mti wa kwanza anapita, wa pili anapita. Wa tatu anazama. Kila mara, mti wa tatu.

Alasiri ninayoisimulia alikuwa amezama tena. Amekaa kwenye gogo anachuruzika maji, na Kassim kando yake hagusi kahawa yake, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Tajiri alikuwa ameleta neno: kesho alfajiri stima iteremke Kipini, boila ing'olewe ikasukume kinu cha ufuta, na mbao zikachomewe chokaa. Kassim hakubisha. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuipeleka, na alilitaka kama mtoto: amwone mtu akipita miti yote minne nyuma ya stima yake, walau mara moja.

Boila ilikuwa bado na moto. Jua lilikuwa limebakisha nafasi ya safari moja. Sisi, badala ya kwenda, tukabishana.

Kizibo: Kamba. Kamba ya nazi ikinywa maji inanenepa. Ikinenepa inakuwa fupi. Ikiwa fupi, mimi nafika kwenye mti kabla ya kufika.

Deheni: Kabla ya kufika utafikaje, wewe? Kamba hiyo nimeisokota mwenyewe. Iwache kamba yangu.

Mkia: Si kamba. Ni miguu. Nyinyi Wapokomo kazi yenu kusukuma. Tangu mutoto munasimama kwa mutumbwi, pondo mukononi, sukuma, sukuma. Kuvutwa hamujui. Ng'ombe ikivuta wewe, wewe lala nyuma, acha yeye fanya kazi.

Kizibo: Hilo ulinifundisha, na nilishika. Ndilo lililonivusha mti wa pili.

Mkia: Basi sema asante.

Kizibo: Nilisema asante. Nilikupa ndizi mkungu mzima.

Mkia: Ndizi ilikuwa bichi.

Hapo nikaona nami nichangie, maana maji nayajua, nimeyachemsha maisha yangu yote. Nikawaambia kwamba maji ya bahari hupanda kutoka Kipini, yakafika Ozi, mengine ya kiherehere yakaendelea kupanda yasikotakiwa, mpaka kwenye mti wa tatu yakakutana na maji matamu. Maji mawili yanayogombana hayawezi kumbeba mtu. Kila moja linasema mbebe wewe.

Deheni: Dele, bahari haijapata kufika hapa.

Mimi: Hukuwahi kuyaonja pale penye mti.

Kizibo: Mimi nimeyaonja, kaka, tena kila siku. Ni matamu. Sikilizeni, mimi nilikuwa sitaki kusema. Ni kiboko. Yule yule.

Deheni: Yupi?

Kizibo: Aliyenipasulia mtumbwi. Ubao huu ni kipande cha mtumbwi ule, na yeye anaukumbuka. Analala chini ya mti wa tatu ananingojea. Nikifika juu yake anashusha pumzi, maji yanajaa povu, yanakuwa mepesi kama mate. Utasimama vipi juu ya povu?

Mkia akaiweka chini kahawa yake. Nilijua kinakuja kikubwa, kwa sababu huwa haiweki chini ikiwa bado ina moto.

Mkia: Mimi naona haya kusema. Ile ngozi ya kanda, ile ya miguu, nilitoa kwa ng'ombe moja jike. Ng'ombe ile ilikuwa mbaya kwa mto. Kuingia, inaingia. Fika katikati, inageuka, inarudi nyumbani. Kila siku ya Mungu. Mpaka ikakufa haijavuka.

Kizibo: Kwa hiyo?

Mkia: Kwa hiyo mti wa tatu ndio katikati.

Tukaitazama ile miguu ya Jilo. Naapa, kwa kitambo kidogo kijiwe kizima kiliamini. Jilo mwenyewe alizisogeza kanda zile mbali naye kwa kidole.

Kassim ndiye aliyekata maneno. Aliongea taratibu, macho yake kwenye stima.

Deheni: Msijitaabishe kunitafutia maneno. Ni yeye. Amezeeka.

Humtaja chombo kama mtu, na sisi tumezoea.

Kizibo: Nani amezeeka? Huyu? Jana amepandisha mitumbwi mitatu!

Deheni: Miaka yote nimemkalafati, nikamziba nyufa kwa pamba na sifa, mafuta ya papa. Nimempaka deheni mpaka mikono ikachubuka. Ndani ya boila nimeingia na patasi kubandua magamba ya chumvi, nikatoka siwezi kupinda mgongo. Na bado akifika pale nguvu zinamwishia. Tajiri amesema kweli. Mwacheni aende akavunjwe.

Mkia: Usiseme hivyo, Kassim. Aibu. Yeye anasikia.

Niliona uchungu. Nikammiminia kikombe kingine, na cha kwanza alikuwa hajakigusa.

Wakati huo alikuwapo mgeni mmoja, Tuneya, mwanamke wa Ozi, aliyekuwa akingoja mtumbwi wa kumvusha. Alikuwa amekaa ukingoni tangu adhuhuri na kapu lake la mchele, ameuona mchezo mwanzo hadi mwisho. Nilimpa kahawa kwa adabu. Akainywa, akakirudisha kikombe.

Tuneya: Samahanini, kaka zangu. Mimi sijui mambo ya stima. Lakini mbona moshi hulegea kwanza?

Deheni: Kwanza vipi?

Tuneya: Nilikuwa nautazama moshi, maana ndio kitu kipya kwangu. Unatoka mzito, puu, puu, puu. Akikaribia mti ule unalegea. Halafu kamba inalegea. Halafu ndugu yangu huyu anazama. Nauliza tu, mbona moshi hutangulia?

Miaka yote tuliyokaa kwenye gogo hili macho yetu yalikuwa kwa Jilo, kamba ya Jilo, miguu ya Jilo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama stima. Tukageuka taratibu kumtazama Kassim, naye akawa anafuta mikono kwenye kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono.

Deheni: Pale pana mkondo. Ukimwachia mvuke wote kwenye mkondo ule, mbavu za tezi, huko nyuma kwake, zinalia. Nyinyi hamsikii, mko huku. Mimi namsikia. Akianza kulia mkono wangu unaurudisha mpini wa mvuke wenyewe. Sidhamirii. Ni kama mtu aliyebeba mwana. Mwana akilia utamkaza?

Kizibo: Kassim.

Deheni: Naam.

Kizibo: Mto wote huu nilioumeza. Ni kwa sababu ulikuwa unazionea huruma mbao?

Deheni: Nilikuwa namtunza.

Jilo alifungua kinywa kumtukana, na badala ya matusi kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo. Galgalo alicheka pia, akasema basi ng'ombe wake aombwe radhi. Hata Kassim alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefumaniwa.

Tuneya hakucheka. Alikuwa anamtazama Kassim kama dada anavyomtazama kaka yake.

Tuneya: Na kesho si mnasema anavunjwa?

Deheni: Kesho, ndiyo.

Tuneya: Basi leo unamtunzia nani?

Mtumbwi wa Tuneya ulikuja, mvushaji akamwita, naye hakuondoka.

Kassim akainuka. Hakutuaga. Alipofika kwenye mbao za gati akapiga ukelele bila kugeuka: "Jilo! Shika kamba!"

Tulikimbia kando ya mto, mimi na dele langu mkononi, nimesahau kuliweka. Kassim alijaza kuni, akasimama penye mpini wa mvuke, akafanya jambo ambalo hatujapata kumwona akilifanya. Kila mara husimama uso umeelekea nyuma, amtazame Jilo. Leo aliupa mgongo mto wote uliokuwa nyuma yake, akakaza macho mbele, mikono miwili kwenye mpini, mabega juu, kama anayengoja kupigwa.

Mti wa kwanza. Wa pili. Moshi ukatoka mzito, na safari hii hata sisi wa ukingoni tulizisikia mbavu za stima zikilia. Zililia kweli, sauti ya kuumiza. Kassim aliinamisha kichwa na moshi haukulegea. Jilo akalala nyuma karibu akae juu ya maji, ubao ukachana povu, akaupita mti wa tatu kwa mkono wa kulia. Tukapiga vifijo. Akaupita wa nne akiimba kwa Kipokomo, na Galgalo akanikumbatia, kahawa yote ikamwagika miguuni mwetu.

Stima ilirudi imeinama upande. Mshono wa tezi ulikuwa umefunguka na maji yamejaa ndani hadi magotini pa Kassim. Tuliruka tukaanza kuyakumba tuyatoe nje, Galgalo kwa ndoo, mimi kwa dele, na Tuneya akamwaga mchele wake kwenye kanga apate kukumba kwa kapu, ingawa kapu halishiki maji.

Kassim alikuwa bado ameshika mpini, bado anatazama mbele.

Deheni: Alipita?

Mkia: Alipita.

Deheni: Na wa nne?

Mimi: Na wa nne. Alikuwa anaimba.

Kassim akaukalisha mkono wake juu ya boila, ingali moto vile vile, akaketi mlemle majini akalia, na siku hiyo hatukumtania.